Kona ya Mama Nyumbani: Maziwa ya Kikombe Kimoja



Safu ya juma hili naiandika baada ya kurejea kutoka safari ya bara, na mada yake huenda ikawashangaza baadhi yenu: namna ya kupasha kwa mvuke maziwa machache, maziwa ya kikombe kimoja tu cha kahawa, jikoni mwetu wenyewe. Nawasihi msigeuze ukurasa. Nami nililidhania kuwa ni jambo la anasa, mpaka nilipoliona likikaribia kutia ufa katika nyumba ya mtoto wa ndugu yangu.

Mtoto huyo alikwenda Doha akiwa msichana, akafanya kazi miaka sita katika mgahawa wa kahawa. Aliporejea Mombasa, pamoja na manukato na mablanketi ambayo kila mwana arudiye Ghuba huyaleta, alileta mashine ndogo ya kahawa ya espreso aliyoinunua kwa mshahara wake. Mwaka uliopita aliposwa na kijana mwenye duka mjini Mutomo, Kaunti ya Kitui, Mkamba na Mwislamu mwema, nasi tukamwoza kwa furaha. Mashine ikafuatana naye pamoja na masanduku ya nguo.

Baada ya miezi kadhaa nikapigiwa simu. Alikuwa analia. "Shangazi," akasema, "mavyaa wangu ananificha maziwa. Mbuzi wanakamwa kila asubuhi, lakini nikiingia jikoni sufuria haipo. Nimekuwa mgeni katika nyumba yangu, na sasa nina mimba ya miezi mitano." Mnajua wenyewe kwamba kwetu pwani shangazi hatumwi harusini tu. Nikafunga kifurushi changu.

Treni ile isimamayo vituo vya njiani ilinishusha Kibwezi, na hapo nikapanda matatu iendayo kaskazini kwa barabara ya lami, tukavuka Mto Athi na kupita Ikutha. Ni nchi ya migunga, mibuyu na vilima vya mawe, na ulikuwa msimu wa kiangazi. Katika mito iliyokauka niliona wanawake wamechimba visima mchangani, wakichota maji kwa kata, punda wakingoja ukingoni. Katika nchi hii mchanga wa mto ndio ghala la maji. Watu wa Kitui hujenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakahifadhika ndani ya mchanga huo hata miezi ya ukame. Nawaeleza haya ili mfahamu kwamba nilikokwenda hakuna kitu cha majimaji kinachomwagwa pasi na mtu kukitazama.

Nilipokelewa kwa heshima. Mavyaa wake ni mama wa makamo, mpole, mwenye maneno machache. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunawa, akaniita dada. Sikuona uso wa mtu mchoyo.

Alasiri mwali akataka kunionyesha ufundi wake. Nikaketi jikoni nikamtazama. Alimimina katika jagi la chuma maziwa yapatayo nusu lita, akazamisha mrija wa mvuke wa mashine, na jiko likajaa mngurumo. Maziwa yakapanda, povu likawa jeupe laini kama rangi ya ukuta iliyokorogwa vyema. Akanimiminia kikombe kimoja, akajimiminia kingine. Kisha yale yaliyobaki, zaidi ya nusu ya jagi, akayamwagia paka.

Nikamwuliza: "Mwanangu, mbona umepasha mengi hivyo?" Akanijibu kuwa ndivyo alivyofunzwa. Mgahawani wateja hupanga foleni, jagi kubwa hutosha vikombe vitatu au vinne, na maziwa yaliyopashwa mara moja hayapashwi tena kwa sababu povu lake halirudi likawa laini. Akaongeza kwamba amejaribu kupasha machache, lakini hupata mapovu makubwa kama ya sabuni, au maziwa huunguka kabla hajatia hewa. Basi amekata tamaa, akarudia jagi kubwa.

Hapo nikadhani nimekwisha kuyajua yote. Nikajisemea kuwa mkaza mwana ni mbadhirifu, mavyaa ameudhika, na dawa yake ni kumfunza mtoto kipimo. Dini yetu imetukataza israfu katika chakula na kinywaji, na hili halihitaji mwalimu. Usiku ule nikapanga hotuba yangu. Alhamdulillahi sikuitoa.

Alfajiri, baada ya sala, nilimfuata yule mama zizini. Alikuwa anakamua, nami nikamshikia taa. Mbuzi watatu wenye maziwa kwa jumla walitoa yapata lita moja na nusu. Nikamwambia kwa upole kwamba mtoto wetu anaona ananyimwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Dada, mimi si mchoyo wa maziwa. Mwezi uliopita mbuzi wawili walitupa mimba. Na huyu mtoto hunywa maziwa bila kuyachemsha. Huyatia moto kidogo kwa ile mashine, kidole kinavumilia, akanywa. Nitamwambiaje mja mzito habari za mimba kutoka? Kwetu maneno hayo hayasemwi mbele ya mwenye mimba. Nikaona heri nifiche sufuria."

Wapenzi wasomaji, nilishikwa na haya. Mama yule alikuwa na ilimu ambayo mimi na mwali wetu hatukuwa nayo, na adabu yake ndiyo iliyomfunga ulimi.

Ukweli wa jambo lenyewe ni huu. Kuna maradhi yaitwayo bruselosi, yanayoshika mbuzi, ng'ombe, kondoo na ngamia, na dalili yake kubwa kwa wanyama ni kutupa mimba. Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu kondo la nyuma, damu na kitoto kilichotupwa. Mgonjwa hupata homa ijayo na kwenda, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu usiokwisha, na mara nyingi hudhaniwa ana malaria. Kwa mja mzito hatari ni kubwa zaidi, kwani maradhi haya huweza kusababisha mimba kuharibika. Sina maana kwamba kila mbuzi atupaye mimba ana bruselosi. Ziko sababu nyingine. Lakini atupapo, tahadhari ni wajibu.

Na mvuke wa mashine ya kahawa hauondoi hatari hiyo. Maziwa ya kahawa hupashwa mpaka nyuzijoto 60 au 65 tu, kwa sekunde chache. Viwanda vinavyosafisha maziwa huyashikilia katika nyuzi 63 kwa dakika 30 nzima, au nyuzi 72 kwa sekunde zisizopungua 15. Kugusa tu nyuzi 60 na kuondoka si kusafisha. Kule Doha mwali wetu alikuwa akitumia maziwa ya pakiti yaliyokwisha kusafishwa kiwandani, kwa hiyo hakuwa na la kuogopa. Alipofika Mutomo mashine ni ileile, mkono ni uleule, ila maziwa siyo.

Kwa idhini ya mama yule, nilimweleza mwali mimi, faraghani, kwa maneno ya staha. Aliinuka akaenda kumbusu mavyaa wake mkono. Siku hiyohiyo mumewe alimtafuta daktari wa mifugo aje awatazame mbuzi, na kesho yake tukaenda hospitali kupimwa damu. Majibu ya vipimo ni siri ya wenyewe. Itoshe kuwaambia kwamba nimeondoka moyo wangu umetulia.

Ikabaki kazi ya pili, nayo ni kahawa. Mavyaa wake hakutaka mashine iondolewe. Alisema: "Ni jasho lake. Aitumie, lakini tujue kupima." Basi kwa siku nne watu watatu tulikaa jikoni tukijifunza kupasha maziwa ya kikombe kimoja, na sasa nawapa matunda ya kujifunza huko, kwani najua nyumba nyingi za pwani siku hizi zina mashine kama ile, zimeletwa na mabinti kutoka Ghuba au zimenunuliwa kwa zawadi za harusi.

La kwanza ni kuchemsha. Maziwa ya kukamua yachemke kabisa hadi yapande katika sufuria, kisha yaachwe yachemke dakika kadhaa huku yakikorogwa. Yatieni ndani ya karai la maji yapoe upesi, yachujeni utando kwa kichujio cha chai, mkayafunike. Utando ukiachwa huziba tundu za mrija na huvunja povu. Wengine hudai kuwa maziwa yaliyochemshwa hayatoi povu, si kweli. Yana ladha ya kupikwa, lakini sisi tuliolelewa kwa chai ya maziwa twaipenda ladha hiyo tangu utotoni.

La pili ni ubaridi. Maziwa machache hupata moto haraka mno, na hilo ndilo shina la ugumu wote. Jagi la nusu lita humpa mtu muda wa kukosea na kurekebisha; maziwa ya kikombe kimoja hayampi. Yakianza yakiwa baridi ya jokofu, mnapata sekunde kadhaa za ziada. Mutomo umeme hukatika, hivyo jokofu la dukani lilipozima tuliiviringisha chupa ya maziwa kwa kitambaa kilicholowa na kuiweka penye upepo, kama mababu walivyopoza maji kwa mtungi. Hayawi baridi sana, lakini yanafaa, mradi yatumiwe siku ileile na mapema.

La tatu ni kipimo na chombo. Kikombe cha kapuchino ya nyumbani huchukua yapata mililita 150. Kahawa yenyewe ni mililita 30. Pimeni maziwa mililita 90 hadi 100, yaani chini ya nusu ya kikombe kikubwa cha chai, nayo yakitiwa hewa yatazidi kwa kiasi cha robo na kikombe kitajaa. Hakuna litakalobaki la kumpa paka. Lakini maziwa hayo yakitiwa katika jagi kubwa hukaa chini kama dimbwi, ncha ya mrija haizami, na hapo ndipo mapovu ya sabuni yanapozaliwa. Tafuteni jagi dogo, jembamba, ambalo maziwa hayo yatafika baina ya theluthi na nusu yake. Sisi tulitumia kijagi cha chuma cha kutilia maziwa ya chai, ambacho mama alikuwa nacho kabatini tangu zamani.

La nne ni mrija. Mashine nyingi ndogo huwa na kifuniko cha plastiki kilichovishwa kwenye mrija ili kurahisisha kutia hewa. Kwa jagi kubwa kinasaidia. Kwa maziwa machache kinavuta hewa kupita kiasi. Ikiwa kinavuliwa, kivueni, ikiwa mrija ulio ndani unaruhusu kutumika peke yake. Kisha, kabla ya kuuzamisha, fungulieni mvuke kidogo katika kitambaa ili maji yaliyotuama ndani yatoke. Maji hayo, kwa jagi kubwa, hupotea bila kuonekana. Kwa maziwa ya kikombe kimoja huyazimua kabisa.

Hapa pana hesabu ndogo iliyomfurahisha mwali. Mvuke unapogeuka kuwa maji ndani ya maziwa ndipo unapotoa moto wake, na maji hayo hubaki humo. Gramu 100 za maziwa zikitoka nyuzi 10 hadi 60 hupokea maji yapatayo gramu 8, yaani zaidi kidogo ya kijiko kimoja na nusu cha chai. Hayo hayaepukiki. Lakini mkiongeza na yale ya mrija usiosafishwa, mtashangaa kwa nini kahawa ni maji matupu.

La tano ni mkono. Inamisheni jagi kidogo. Ncha ya mrija ikae chini tu ya uso wa maziwa, kando ya katikati, kisha fungulieni mvuke wote. Mtasikia mlio mwembamba kama karatasi inayochanwa. Hiyo ni hewa inaingia. Kwa jagi la mgahawa hewa hutiwa sekunde nyingi. Kwa kikombe kimoja ni tatu au nne tu. Jagi likianza kuwa vuguvugu kama mwili wa mtu, hewa imetosha. Inueni jagi kidogo ili ncha izame, mlio unyamaze, na maziwa yazunguke kama maji yanayoshuka katika mfereji. Mzunguko huo ndio unaovunja mapovu makubwa yakawa madogo, na povu likawa laini kama malai.

Kiganja cha mkono wa pili kishike ubavu wa jagi muda wote. Pale mnapotamani kukiondoa, zimeni mvuke hapohapo, kwani joto huendelea kupanda kidogo hata baada ya kuzima. Kwa mashine ya mwali wetu nilihesabu kwa saa yangu ya mkono yapata sekunde 25 tangu mwanzo hadi mwisho. Maziwa yakivuka nyuzi 70 povu huanza kukauka na utamu hupungua. Gongesheni jagi mezani mara moja, lizungusheni mpaka maziwa yang'ae, kisha mimineni bila kuchelewa, maana povu dogo halingoji mazungumzo.

La sita ni usafi. Mara tu mrija utokapo katika maziwa, upangusweni kwa kitambaa kibichi na ufunguliwe mvuke tena kwa sekunde moja. Maziwa yakikaukia ndani yake huwa makao ya vijidudu, na hapo tutakuwa tumekimbia hatari ya zizi tukaikaribisha ya jikoni.

Kuhusu maziwa ya mbuzi, nawaambia kwa uaminifu kuwa povu lake lilikuwa jepesi na likawahi kushuka kuliko lile la maziwa ya ng'ombe tuliyonunua dukani. Maziwa yaliyokaa muda mrefu yalikuwa mabaya zaidi: mafuta yake yakianza kuharibika, povu hufa mara moja. Kwa hiyo povu linalokataa kusimama ni ishara inayofaa kusikilizwa, ingawa haitoshi peke yake. Pua na ulimi vitumike pia.

Na maji nayo yana neno. Maji ya visima vingi vya sehemu hizo yana chumvichumvi, na huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ukoko huohuo hujenga ndani ya mashine na kuziba mishipa yake. Tulitumia maji ya mvua yaliyovunwa bati la nyumba, na mashine ikasafishwa kwa unga wa ndimu ulioyeyushwa katika maji, kwa kufuata maelezo ya kitabu chake. Wenzetu wa pwani wenye visima vya maji magumu, hili linawahusu vilevile.

Najua yupo atakayesema: mimi sina mashine, na umeme wa jua wa nyumba yangu hautoshi kuwasha hata pasi. Ni kweli, mashine hizi hula umeme mwingi, wati elfu moja na zaidi. Basi pikeni kahawa kwa birika la moka, lile la vipande viwili alilolibuni Mwitaliano Alfonso Bialetti mwaka 1933, ambalo hukaa juu ya jiko la gesi au la makaa. Pasheni maziwa yaliyokwisha kuchemshwa mpaka yatoe mvuke bila kutokota, yatieni katika birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma, jazeni theluthi tu, na msukume juu na chini mara ishirini. Mchapo wa mayai nao hufanya kazi, ukisuguliwa kwa viganja viwili. Msitikise maziwa ya moto katika chupa iliyofungwa, kwani mvuke huweza kurusha kifuniko na kumwunguza mtu uso.

Wala tusidhani kuwa povu ni jambo la wageni. Nani miongoni mwetu hakumwona mpishi wa chai akiirusha kutoka kikombe kimoja hadi kingine, mkono juu mkono chini, mpaka ikatoa povu? Kahawa yenyewe ni mtoto wetu wa jirani. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na ilipofika Makka baadhi ya wakubwa waliitilia shaka hata ikapigwa marufuku mwaka 1511, kisha marufuku ikaondolewa. Waitaliano walikuja baadaye mno na mashine za mvuke: Angelo Moriondo wa Turin alisajili yake mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901. Hata Ukambani kwenyewe, huko Kangundo kwenye miinuko ya Machakos, kahawa hulimwa. Mutomo ni pakavu mno kwa mkahawa kuota, lakini si pakavu kwa ukarimu.

Neno kwa waja wazito: kahawa isizidi. Kikombe kimoja kidogo kwa siku kinatosha, na mwenye presha au moyo kumwenda mbio amwulize daktari kabla ya kunywa. Mwali wetu sasa hunywa kimoja asubuhi, na cha jioni humwandalia mavyaa wake.

Siku ya mwisho nilikuta sufuria ya maziwa iko mahali pake juu ya meza, imefunikwa kwa kawa. Mama alikuwa ameyachemsha. Mwali akapima mililita mia kwa kikombe cha plastiki cha dawa, akaijaza mara kadhaa huku akihesabu kwa sauti, na mama akacheka. Povu halikuwa zuri sana siku hiyo. Lilikuwa na mapovu makubwa pembeni. Mama akanywa akasema ni tamu, ila imepungukiwa tangawizi. Mwali akaahidi kutia.

Dada zangu, yapo mambo mawili ninayotaka tuyabebe. Wenye binti waliorudi safarini, msiyacheke waliyojifunza. Kaeni nao, muyapime yafae nyumba zenu. Na mabinti, mtu mzima akikuficheni kitu, msiharakishe kumwita mchoyo. Mwulizeni kwa adabu, au mtumeni anayeweza kuuliza. Huenda anabeba hofu ambayo heshima imemzuia kuitamka.

Wenye mbuzi na ng'ombe, mnyama akitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu, mwiteni daktari wa mifugo, na maziwa ya zizi hilo yasinywewe bila kuchemka, hata yawe ya kutiwa katika kahawa tu.

Mwenyezi Mungu awape waja wazito wote salama, awape watoto wema, na azijaalie nyumba zetu mapenzi na kusikilizana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.